Njia ya Bandamani

Johannesburg,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama mpenzi,

Shikamoo. Filemoni yu hai. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: ungeruka salamu zote ukilitafuta, halafu ungerudi mwanzo kuzisoma kwa hasira. Yu hai, amekaa kitandani, na asubuhi ya leo amelalamikia chakula, jambo ambalo kwa mwanao ni dalili nzuri kuliko kipimo chochote cha hospitali. Anasema ugali wa huku ni mweupe mno na hauna ladha, anataka wa muhogo. Nimemwambia wa muhogo uko Kihagara, apone aufuate.

Sasa tunaweza kusalimiana kama watu. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomkabidhi dereva imefika, au imeishia Songea? Na nguruwe pori wameuacha muhogo wa shamba la juu? Nimesikia mvua zilikatika mapema huko ziwani, na Mbinga nako wanalia, bei ya kahawa imeanguka tena na wale wanunuzi binafsi waliokuwa wakigombania magunia sasa hawaonekani. Mimi ni mzima. Baridi imeanza na mikono imepasuka kwa kunawa dawa kila saa. Zaidi ya hapo sina la kulalamikia.

Nakuomba barua hii uisome mwenyewe. Miwani unayo. Usimpe katekista akusomee barazani kwa ile sauti yake ya Zaburi, maana humu mna mambo ya nyumbani kwetu, na kuna mtu utakayemkuta ambaye hutaki atajwe. Ukimkuta usiitupe barua. Soma mpaka mwisho, halafu ukasirike ukipenda.

Ulimtuma Filemoni kwangu akiwa amepauka kama unga. Njia nzima, tangu mliponipa habari kwamba ametapika damu kule Umatengo juu ya baiskeli yake na magunia ya kahawa ya watu, nilikuwa naomba jambo moja tu, afike bila kutapika tena. Alifika. Alinikumbatia, akanicheka kwamba nimenenepa, akala, akalala vizuri. Siku chache baadaye alitapika jikoni kwangu, nikaona kwa macho yangu kile ulichokuwa ukinieleza kwenye simu ulipopanda Mbinga nikidhani unakuza. Hukukuza, Mama. Nilimfikisha hospitalini kwetu nikiwa bado na kandambili miguuni. Habari ya gharama usiulize, wenzangu wa wodini na watu wa kanisa la huku walinibeba, nami nitawashukuru polepole.

Daktari aliyemchukua ni Mhindi wa hapa hapa, mfupi, mpole, jina lake ni refu kuliko yeye. Mimi namwita Fundi Bomba. Nilimweleza maana yake, akacheka, na siku hizi anajiita hivyo mwenyewe kwa matamshi ya ajabu. Ni fundi bomba kweli. Katika kazi yake hapasui watu. Anatoboa tundu dogo la sindano, anaingiza mpira mwembamba ndani ya mshipa, anausukuma taratibu huku akiutazama kwenye eksirei inayoonekana kama televisheni, mpaka afike anakotaka.

Alinieleza ugonjwa, nami nakueleza vilevile. Damu yote inayotoka kwenye matumbo na kwenye bandama hukusanyika katika mshipa mmoja mkubwa unaoipeleka kwenye ini. Mshipa huo wa Filemoni umeziba, tena zamani sana, tangu utotoni. Unaijua barabara ya kutoka Mbinga kushuka ziwani inavyokatika masika, malori yanarundikana huko juu, madereva wanaanza kupita kwenye mashamba ya watu. Damu yake ilifanya hivyo. Ilirudi nyuma, ikaijaza bandama mpaka likavimba lile tumbo la kushoto tulilolizoea, halafu ikajitafutia vichochoro kwenye mishipa midogo ya njia ya chakula. Mishipa ile haikuumbwa kubeba mzigo huo. Ikipasuka, ndipo anapotapika.

Nilimwuliza kilichoziba kimetoka wapi. Akasema pengine kitovu kiliingia wadudu alipokuwa mchanga, pengine homa fulani, mara nyingi haijulikani. Basi usikae jioni ukijiuliza ulikosea wapi. Yeye aliyesomea hajui, wewe utajuaje?

Kwanza walimfunga ile mishipa iliyopasuka kwa vipira vidogo, damu ikakoma. Lakini Fundi Bomba alisema hiyo ni kuziba matundu wakati barabara yenyewe bado imekatika, itapasuka pengine. Ilibidi njia ifunguliwe. Akajaribu kupitia shingoni, akashuka na mpira wake mpaka kwenye ini, atoboe humo humo ili aufikie ule mshipa kwa juu. Mimi nilisimama nyuma ya kioo. Akatafuta, akatafuta. Upande ule mshipa umebaki kama uzi, sindano haikupata pa kuingia. Wiki iliyofuata akajaribu kupitia kulia, katikati ya mbavu, moja kwa moja kwenye ini. Vilevile. Alitoka akavua ile aproni nzito ya kujikinga na eksirei, akakaa kwenye kiti cha wauguzi kama mtu aliyetoka kulima, akaniambia, "Sista, kutokea kwenye ini sina pa kushika."

Nilijua maana yake. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi wodini kumwambia Filemoni kwamba mambo yanaendelea vizuri. Hakuniamini. Wewe ndiye uliyemfundisha kuwatazama watu machoni.

Njia zilizobaki zilikuwa mbili. Moja, wapasuaji wafungue tumbo kidogo watafute mshipa wa utumbo, waingilie hapo. Wapasuaji hawakutaka, walisema tumbo lake limejaa mishipa iliyovimba, watakata moja na nyingine itamwaga. Ya pili ilikuwa kuingilia bandamani. Kutoboa ubavuni kushoto, kuingia ndani ya bandama yenyewe, kuufuata mshipa wake mpaka kwenye kizibo, na kukifungua kwa nyuma. Hatari yake ni kwamba bandama imejaa damu, ukiitoboa vibaya inamwaga ndani kwa ndani. Fundi Bomba alisema amekwisha kuwafanyia watu wachache, na kwamba kama Filemoni angekuwa mdogo wake yeye, angejaribu.

Tukampelekea Filemoni karatasi aweke sahihi. Na hapo, Mama, ndipo mwanao alipotaka kuniua mimi kabla bandama haijamwua yeye.

"Mjomba amesema nini?" akaniuliza.

"Mjomba gani?"

"Mjomba Stefano."

"Mjomba Stefano yuko Kihagara anashona nyavu. Weka sahihi."

"Aulizwe kwanza."

Nikamwambia, "Filemoni, wewe una mke. Una mtoto anayetembea. Hapa Joni hakuna daktari anayemngoja mjomba wa mtu."

"Basi huyu atakuwa wa kwanza." Alisema polepole, maana hakuwa na nguvu. "Dada, ingekuwa kidole ningejibu mwenyewe. Hii ni bandama. Habari yake ilisimama kwa mjomba, haiwezi kuendelea bila yeye. Nikifa hajaulizwa, atabaki vilevile alivyo mpaka azikwe. Nikifa ameulizwa, angalau mtu mmoja alimwuliza."

Nilimwambia ana wazimu. Nilimwambia anataka kufa kwa adabu. Aligeukia ukutani.

Sasa niandike jambo ambalo unalijua kuliko mimi. Naliandika kwa sababu tangu siku ile hakuna aliyelitamka ndani ya nyumba yetu, sote tunalizunguka kama shimo uani. Mimi nilikuwa darasa la tano, Filemoni hajaanza shule. Daktari mgeni wa kupasua alikuja misheni kwa ndege ndogo, akamshika tumbo, akasema bandama hii iondolewe. Baba, Mungu amrehemu, alikubali. Wewe ulikubali. Lakini kwetu mtoto hatiwi kisu mpaka mjomba wake mkubwa aseme, na kaka yako alikuwa amevuka ziwa kwenda Malawi kutafuta sabuni na nyuzi za nyavu, maana miaka ile, kabla biashara haijafunguliwa, maduka yetu yalikuwa na rafu tupu na karani anayesinzia. Ukasema tumngoje, atarudi kesho. Ziwa likachafuka. Hakurudi kesho wala kesho kutwa. Ndege ikaondoka na daktari wake, na hakuja mwingine. Mjomba aliposhuka na furushi lake la sabuni, ulimwambia mbele ya watu wote pale ufukweni, "Umemwua mwanangu kwa ajili ya sabuni."

Tangu hapo hujala nyumbani kwake. Kanisani mnakaa pande mbili. Unamwita yule mtu. Mimi nilikuwa upande wako, nawe unajua, kila Filemoni alipougua nilimlaumu mjomba pamoja nawe. Yeye hakuwahi kujitetea hata siku moja. Akikutana na Filemoni njiani anamwuliza tu, "Tumbo je?" kisha anaendelea na safari yake.

Basi nilipoona Filemoni hageuki kutoka ukutani, nilipiga simu Mbinga kwa Sista Roza, yule niliyesoma naye unesi, aliyekuja kwenye msiba wa Baba. Roza akaongea na misheni kwa redio ya upepo. Misheni wakatuma mtu kwa mjomba. Hukuambiwa, mimi ndiye niliyesema usiambiwe, kwa sababu ungekwenda kule na ingekuwa vita na Filemoni hana muda wa vita.

Roza anasema watu wa misheni walimwambia mjomba alikuja amevaa shati la kanisani. Wakamweleza kila kitu kwa redio, bandama, sindano, hatari ya kumwaga damu ndani, na kwamba kijana amekataa mpaka yeye aseme. Aliuliza jambo moja tu.

"Anaogopa?"

Roza akajibu, "Anaogopa, mzee."

Halafu akasema, "Mwambieni mjomba wake yupo. Safari hii sijavuka. Wapite hapo bandamani, na mimi siondoki hapa mpaka nisikie wamemtoa."

Niliyaandika maneno hayo kwenye kiganja kwa kalamu, nikaenda kumsomea Filemoni. Akageuka. Akaomba kalamu ile ile.

Katika barua yako iliyopita uliniandikia kwa kejeli kwamba yule mtu siku hizi anashinda kwenye benchi la misheni, pengine uzee umemfikia, anavizia dawa za bure. Mama, hakuwa anavizia dawa. Mkewe alikuwa anampelekea chakula hapo hapo. Alikuwa anamngoja mwanao.

Siku yenyewe, zamu yake ilipofika baada ya wiki tatu, walimpa dawa ya usingizi. Fundi Bomba alipomsafisha ubavu wa kushoto aliziona zile chale ndogo ndogo, akaniita aniulize ni za nini. Nikamwambia ni za bibi, alimchanja akamtia dawa ya bandama alipokuwa mdogo. Akazitazama, akasema, "Bibi alilenga vizuri." Akaingiza sindano yake karibu na hapo hapo.

Ilipoingia, waya mwembamba aliopitisha ndani yake ulikwenda vizuri kabisa. Ulitoka bandamani, ukaufuata mshipa, nikauona kwenye televisheni ukitambaa. Ulipofika kwenye kizibo ukajikunja. Akauvuta, akabadili mpira, akasukuma tena, ukajikunja tena. Nilikuwa nimeshikilia fremu ya kioo na sikujua ninaomba kwa lugha gani, nadhani kilikuwa Kinyasa. Kisha, bila sababu niliyoiona, ule waya ukateleza ukapita. Ukaingia kwenye ini kutokea nyuma, mahali ambapo kutokea mbele hapakuwa na mlango. Hapo akaufungua kuwa kitanzi kidogo, na daktari mwenzake aliyekuwa akingoja upande wa shingoni akashuka na sindano akakilenga kitanzi kile. Akakosa. Akalenga tena, akakipata. Waya mmoja ukawa umepita ndani ya kaka yangu mdogo kutoka shingoni mpaka ubavuni. Wakaipanua njia, wakaweka humo bomba dogo la wavu wa chuma lisiache njia ijifunge tena, halafu wakarudi kinyumenyume, wakaziba lile tundu la bandama. Nikaona damu inapita pale ambapo haijapita tangu akiwa mtoto. Nilipiga kelele, wakanitoa nje.

Sitakuficha, baadaye siku hiyo presha ilishuka na wakamwongezea damu. Bandama ilikuwa imevuja kidogo. Wakamchunga, ikakoma yenyewe. Alipozinduka sauti ilikuwa imekauka, akasema, "Mwambieni mjomba atoke kwenye benchi." Roza akapeleka habari kwa mjomba peke yake, maana wewe nilitaka uisikie kwangu.

Kesho yake nilimweleza Fundi Bomba habari ya ndege na ya sabuni, kama kichekesho tu, tukiwa tunakunywa chai. Hakucheka. Aliweka kikombe chini akaniuliza, "Walitaka kuiondoa yote?" Nikamwambia yote. Akasema, "Yule daktari hakukosea, wengi wamesaidika hivyo, na huenda angesaidika. Lakini ingeondolewa na bado akaja kwangu na kizibo hiki, leo ningeingilia wapi?"

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Nimeyafikiria maneno hayo wiki nzima, Mama, nikibadilisha mashuka, nikipanga dawa. Sisemi mjomba alijua. Hakujua lolote, alikuwa anatafuta sabuni. Wala sisemi ulikosea kulia, ulikuwa unamwona mtoto wako anavimba tumbo mwaka hadi mwaka. Pengine angepasuliwa siku zile angepona akawa mwenyekiti wa kijiji. Pengine angefia pale pale mezani. Hilo hatutalijua. Tunalolijua ni hili: njia pekee iliyobaki ilikuwa kupitia kile ambacho mjomba, kwa kuchelewa kwake, alituachia. Hakumwua mwanao. Nimejaribu kuligeuza kila upande, nimeshindwa kuliona vinginevyo.

Bandama imeanza kunywea. Ukimshika huisikii tena ikisukuma mbavu. Safari haijaisha, sitaki ufanye sherehe ya ng'ombe. Lile bomba linaweza kuziba, kwa hiyo atameza vidonge vya kuzuia damu isigande, na atakuwa anapimwa mara kwa mara. Damu ikipita moja kwa moja hivyo, wakati mwingine mtu huchanganyikiwa kidogo, akasahau mambo au akaongea yasiyoeleweka, na mkewe akiona hivyo ampeleke hospitali mara moja. Nilimwuliza daktari kwa Filemoni tutajuaje tofauti. Filemoni alinirushia mto, na nilifurahi sana kwamba mkono una nguvu ya kurusha mto.

Akiruhusiwa atarudi nyumbani, mimi nitamsindikiza mpaka Mbinga kwa likizo yangu. Baiskeli na magunia kupanda ile milima ya Umatengo basi, hilo daktari amekataza, na mimi nimekataza zaidi. Anasema atafungua kibanda cha vipuri vya baiskeli karibu na soko, wengine wapande yeye awauzie minyororo. Amekwisha kuchagua rangi ya mlango. Mtu anayechagua rangi ya mlango, Mama, ana mpango wa kuishi.

Msalimie mke wa Filemoni, mwambie mumewe anamtaja kila saa, mpaka wauguzi wamelijua jina lake. Msalimie shangazi mkubwa na goti lake. Salamu kwa katekista, mwambie sikumnyima barua kwa ubaya. Salamu kwa mama jirani anayekuchotea maji, na kwa wanakwaya wote wa akina mama. Sista Roza atakapopita, mpe kuku, na asiwe yule mzee.

Kwa mjomba Stefano sikuandika salamu. Filemoni naye amekataa kuandika. Tumekaa tukashauriana, tukaona salamu zake azipeleke mtu aliyezaliwa naye tumbo moja. Si mbali, na mgongo ukiuma pumzika njiani. Ukifika piga hodi, na akiuliza ni nani, jibu, "Ni mimi, kaka."

Ni mimi mwanao ninayekupenda,
Adela